Kuutafuta Uluguru Mtandaoni: Majina, Viambishi na Istilahi za Ukoo katika Hazina za Kidijitali za Historia ya Morogoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna msomaji wa Kiswahili anavyoweza kuifikia historia ya Morogoro na Milima ya Uluguru kupitia hazina za kidijitali za maktaba za vyuo vikuu, pamoja na vikwazo vya kilugha anavyokutana navyo. Hoja kuu ni kwamba kikwazo kikubwa hakiko tu katika idadi ya nyaraka zilizokwisha kuwekwa mtandaoni, bali pia katika lugha ya katalogi zinazoziorodhesha. Majina ya mahali yameandikwa kwa masikio ya wageni; jina la jamii limevuliwa viambishi vyake vya ngeli; istilahi za ukoo zimefasiriwa kwa maneno yasiyobeba maana yake; na majina ya kurithi yamechukuliwa kuwa majina ya watu binafsi. Makala yanachambua matatizo hayo kwa mifano, kisha yanapendekeza mbinu za utafutaji kwa watafiti na hatua za kuchukuliwa na maktaba. Inasisitizwa kwamba kazi hiyo ni ya wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili kama ilivyo ya wakutubi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine akiinua macho kutoka katika meza ya kusomea huuona mlima Lupanga, wenye kimo cha zaidi ya meta 2,100, ukiwa umesimama juu ya mji. Kusini zaidi, kilele cha Kimhandu hupita meta 2,600. Kutoka katika milima hiyo hutiririka vijito vinavyouunda mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akitaka kujua ni nani aliyelima miteremko ile karne moja na nusu iliyopita, ardhi iligawanywaje, na kwa nini wakulima wake waliinuka mwaka 1955, atakuta kwamba sehemu kubwa ya maandishi yanayohusu mlima anaoutazama iko mbali naye: Dar es Salaam, London, Frankfurt na Chicago, na katika nyumba za mashirika ya kimisionari huko Ufaransa na Uholanzi.

Kwa miongo mingi umbali huo ulikuwa wa nauli na viza. Siku hizi, kwa kiasi fulani, umepungua. Maktaba za vyuo vikuu zimepiga picha nyaraka, ramani na fotografia zao na kuziweka mtandaoni ili zisomwe bila malipo. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, ambavyo hakimiliki zake zimekwisha, vinapatikana katika maktaba huria za mtandaoni. Lakini mlango ukifunguliwa, bado mgeni anahitaji kujua jina la chumba anachokitafuta. Katika hazina ya kidijitali, chumba hicho hufunguliwa kwa neno linaloandikwa katika kisanduku cha kutafutia. Neno likikosewa herufi moja, hazina yote hubaki kimya, na ni rahisi kwa mtafutaji kuuchukua ukimya huo kuwa ushahidi kwamba hakuna kilichoandikwa.

Makala haya yanashughulikia neno hilo. Sehemu ya pili inaeleza aina za hazina zinazohusika na lugha zake. Sehemu ya tatu inachunguza tahajia za majina ya mahali. Sehemu ya nne inajadili viambishi vya ngeli, na ya tano istilahi za ukoo na majina ya kurithi. Sehemu ya sita inaonesha matatizo hayo yote yakikutana katika tukio moja, yaani upinzani wa mwaka 1955. Sehemu ya saba inagusia lugha ya Kiluguru na maadili ya kuweka mambo wazi, na ya nane inatoa mapendekezo.

2.0 Hazina Zilizopo na Lugha Zake

Hazina zinazohusu Uluguru zinaweza kupangwa kwa matabaka ya lugha, kwa kuwa kila kipindi cha historia kiliacha maandishi katika lugha ya waliokuwa na kalamu.

Tabaka la kwanza ni la wasafiri na wamisionari. Richard Burton alipita kando ya milima hiyo mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Vitabu vyao vilichapishwa mwaka 1860 na 1872. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni ya Mhonda mwaka 1877 na baadaye wakaingia Uluguru kwenyewe, ikiwamo Matombo mwaka 1897. Barua na shajara zao za awali ziliandikwa kwa Kifaransa.

Tabaka la pili ni la Kijerumani. Franz Stuhlmann alisafiri Uluguru mwaka 1894 na kuchapisha maelezo yake mwaka uliofuata. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja nayo walikuja wapima ardhi, walowezi na wapiga picha. Picha nyingi za zama hizo zimo katika hifadhi ya picha ya Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, ambayo sasa inatunzwa na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Hifadhi hiyo ina picha zipatazo 55,000 kutoka makoloni mbalimbali, na inaweza kutafutwa mtandaoni. Maelezo ya picha ni ya Kijerumani.

Tabaka la tatu ni la Kiingereza, lililoanza baada ya majeshi ya Waingereza kuingia Morogoro mwezi Agosti 1916. Humo kuna ripoti za mwaka, mafaili ya sekretarieti na Vitabu vya Wilaya, ambavyo maofisa walivijaza kwa miaka mingi wakieleza historia, mila, sheria na watawala wa sehemu zao. Asili za vitabu hivyo zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Dar es Salaam, na nakala zake za mikrofilamu zimesambaa katika maktaba za vyuo vikuu vya nje. Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha Afrika Mashariki kinatunza karatasi za Hans Cory na za Henry Fosbrooke, wote wakiwa waliwahi kuitumikia serikali ya kikoloni kama wanasosholojia. Kwa upande wa picha, Maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, imeweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960.

Tabaka la nne ni la Kiswahili. Hili ni tajiri kuliko inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambao katalogi yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Kuna pia magazeti ya Kiswahili yaliyoanza zama za Wajerumani, na jarida la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 na kupokea habari na barua kutoka miji na vijiji vya Tanganyika. Hata hivyo, miswada hiyo kwa sehemu kubwa ni ya pwani, na magazeti yana faharasa chache za mahali.

Tabaka la tano, la Kiluguru, karibu halipo katika maandishi. Kwa hiyo mtafutaji huanza na hali isiyo ya kawaida: lugha iliyo karibu zaidi na jambo lenyewe ndiyo isiyomsaidia hata kidogo kulipata.

3.0 Jina Moja, Tahajia Nyingi

Kanuni za tahajia ya Kiswahili sanifu zilianza kutawala baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930. Kabla ya hapo, kila mwandishi aliandika alichosikia kwa kufuata kanuni za lugha yake. Matokeo yake yanaonekana katika majina ya kawaida kabisa ya Morogoro.

Mji wenyewe katika maandishi mengi ya Kijerumani huitwa Mrogoro. Hapa tofauti ni ya kimuundo: mwandishi mmoja alisikia konsonanti m yenye hadhi ya silabi, mwingine akasikia irabu baada yake. Kwa mtu anayesoma kwa macho, Mrogoro na Morogoro ni kitu kimoja. Kwa mashine inayolinganisha herufi, ni maneno mawili. Kabla ya hapo, Stanley aliuelezea mji uliozungukwa na kuta akauita Simbamwenni, mji ulioanzishwa na Kisabengo, anayetajwa kuwa Mzigua, na ambao wakati wa safari yake ulitawaliwa na binti yake. Jina hilo limeundwa na maneno simba na mwene, na siku hizi wenyeji huliandika Simbamwene. Mtafiti anayeandika Simbamwene kwa n moja hatakipata kitabu cha Stanley, ingawa kitabu hicho kina maelezo marefu kuhusu mji anaoutafuta.

Mto unaopita kando ya mji, Ngerengere, katika Stanley ni Ungerengeri. Inaelekea kwamba kiambishi u-, ambacho katika eneo hilo hutambulisha nchi kama vile Ukami, Ukutu na Uluguru, kilipachikwa katika jina la mto. Mikese imeandikwa Mikeseh. Ruvu katika ramani za Kijerumani ni Ruwu, kwa kuwa herufi w ya Kijerumani husomwa kama v ya Kiswahili. Na sehemu yake ya chini, karibu na bahari, iliitwa Kingani. Wakutu wameandikwa kwa kh na hata kwa alama ya mkato baada ya k, kwa sababu mwandishi alijaribu kuonesha mpumuo. Uzigua umeandikwa Useguha na Usegua.

Mabadiliko ya l na r yanahitaji uangalifu wa pekee. Kinole, mashariki mwa milima, ndiko makao ya Kingalu, mtawala mashuhuri aliyesifika kwa mvua. Jina hilo katika nyaraka huonekana kama Kingalu, Kingaru na Kingalo. Lakini mtafutaji akiandika Kingaru na kufungua kitabu cha Stanley, atakutana na kijiji cha Kingaru kilichoko Ukwere, katika njia ya Bagamoyo, siku kadhaa za safari kabla ya kufika chini ya milima. Tahajia pana zaidi humletea mtafutaji vitu zaidi, lakini pia humletea vitu visivyomhusu. Ndiyo maana haitoshi kuipa mashine kanuni ya kusawazisha l na r. Lazima awepo msomaji anayejua Kinole iko wapi na Ukwere uko wapi.

Kuna pia tatizo la majina yaliyobadilika maana pamoja na mipaka. Waandishi wa karne ya 19 waliita Ukami sehemu kubwa ya nchi iliyo chini na kaskazini mwa milima, ambayo leo watu huihesabu kuwa sehemu ya Waluguru. Kikami bado ni lugha inayotambuliwa na wanaisimu, lakini wasemaji wake ni wachache. Anayetafuta historia ya Morogoro kwa neno Luguru peke yake ataiacha nje miaka mingi ya maandishi yaliyoiita nchi hiyohiyo kwa jina lingine.

4.0 Kiambishi Kilichoachwa

Katika Kiswahili, na katika lugha nyingine za Kibantu, shina moja huunganisha nchi, watu, mtu mmoja na lugha kwa njia ya viambishi vya ngeli: Uluguru, Waluguru, Mluguru, Kiluguru. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa linatokana na neno la mlima, hivyo kwamba Waluguru ni watu wa mlimani. Sarufi inamwambia msikilizaji kwamba mlima na watu ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili.

Wakutubi wa Ulaya na Marekani waliamua zamani kuyaondoa viambishi majina ya jamii na lugha za Kibantu katika vichwa vya mada. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaofuatwa na maktaba nyingi za vyuo vikuu, jamii na lugha huorodheshwa chini ya shina Luguru. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Orodha ya alfabeti ingejaa maelfu ya majina chini ya herufi w na k, na msomaji asiyejua Kibantu asingejua aanzie wapi. Lakini milima imebaki na kiambishi chake: kichwa cha mada ni Milima ya Uluguru.

Matokeo yake ni mgawanyiko ambao hakuna aliyeukusudia. Anayetafuta Uluguru hukutana hasa na jiolojia, ndege, vyura, mimea na misitu, kwa kuwa jina hilo limeingia pia katika majina ya kisayansi ya viumbe wengi wa milima hiyo. Anayetafuta Luguru hukutana na ndoa, ukoo, matambiko na siasa. Katika orodha ya kwanza mlima hauna watu. Katika orodha ya pili watu hawana mlima. Anayetafuta Waluguru, jina ambalo wenyewe hujiita wanapozungumza Kiswahili, hupata machache kuliko wote.

Jambo hili lina uzito nje ya maktaba. Misitu ya Uluguru iliwekewa mipaka ya hifadhi tangu zama za Wajerumani, na mwaka 2008 ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mazungumzo kuhusu nani aondoke kwenye mteremko, nani aruhusiwe kuokota kuni, na makaburi au mahali pa matambiko pa ukoo fulani pako wapi, hufanywa na watu wanaosoma maandiko. Mtaalamu wa misitu anayetafuta kwa neno moja tu anaweza kuandika ripoti nzima kwa uaminifu mkubwa bila kukutana na waraka hata mmoja unaoonesha kwamba msitu ule ulikuwa na wenyewe.

5.0 Lukolo, Tombo na Majina ya Kurithi

Waluguru hufuata nasaba ya mama. Ukoo huitwa lukolo, na tawi la ukoo, yaani watu wanaojua kwamba wametokana na mama mmoja, huitwa tombo. Tombo katika Kiluguru ni titi. Walionyonya titi moja ndio ndugu wa tawi moja, na kwa kawaida haki ya kulima shamba fulani ilipatikana kwa kuwa mtu wa lukolo fulani. Jina la Matombo, palipojengwa misheni mwaka 1897, hufasiriwa na wenyeji kwa neno hilohilo, kwa sababu ya miamba inayofanana na matiti.

Msomaji wa Kiswahili sanifu akikuta neno tombo katika waraka bila maelezo atafikiri kwamba anasoma habari za kware, kwani ndiyo maana yake katika kamusi. Programu ya kutafsiri nayo itafanya vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, maofisa wa Kiingereza walitumia maneno ya lugha yao yenye maana ya ukoo, nasaba na kabila kwa kubadilishanabadilishana, na Wajerumani walitumia ya kwao. Hivyo dhana moja ya Kiluguru imetawanyika chini ya maneno matano au sita ya kigeni, na neno lenyewe la Kiluguru halimo katika faharasa.

Tatizo la pili ni la majina ya watu. Kingalu si jina la mtu mmoja. Ni jina la cheo linalorithiwa na kiongozi wa ukoo wa Wabena wa Kinole, na bado linarithiwa. Anayekalia kiti hulipokea jina pamoja na kiti chenyewe, na msimulizi anaweza kusema kwamba Kingalu alifanya jambo hili au lile bila kuona haja ya kutaja ni Kingalu yupi. Katika usimulizi hilo si kosa: mwendelezo wa cheo ndio unaosimuliwa. Lakini katalogi inayomfanya Kingalu kuwa mtu mmoja mwenye mwaka wa kuzaliwa na wa kufa huunganisha nyaraka za vizazi tofauti, au hutenganisha nyaraka za kizazi kimoja kwa sababu ya tahajia. Mtafiti inampasa kwanza aiweke kila hati katika mwaka wake, kisha ndipo aulize ni nani aliyekuwa kitini.

Tatizo la tatu linawahusu wanaotafuta historia ya familia zao. Zana nyingi za mtandaoni za kuchora miti ya ukoo hudhani kwamba jina la ukoo hutoka kwa baba. Rejista za ubatizo na za shule pia humwandika mtoto kwa jina lake na jina la baba yake. Mluguru anayefuata karatasi hizo atapata orodha ya akina baba, kila mmoja wa lukolo tofauti, huku mstari ambao kwa wazee ndio ukoo wenyewe, yaani mama, bibi mzaa mama na mjomba, ukibaki nje ya karatasi. Rejista si za uongo. Zinajibu tu swali ambalo si lile linaloulizwa na ukoo. Njia iliyo salama ni kusoma rejista pamoja na mzee wa tombo, na kuandika lukolo pembeni mwa kila jina kabla wanaojua hawajatutoka.

6.0 Mfano: Matuta ya Mwaka 1955

Matatizo yaliyoelezwa hukutana yote katika tukio linalojulikana sana la historia ya Uluguru. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka kama ilivyoahidiwa, na katika mfumo wa ardhi ya lukolo lilizuka swali zito: anayechimba tuta la kudumu katika ardhi ya ukoo wa wengine, je, anajipatia haki mpya? Mwezi Julai 1955 upinzani ulilipuka upande wa Matombo; mtu mmoja alipigwa risasi akafa, na mpango ukasitishwa. Mwaka mmoja kabla, Patrick Kunambi, Mluguru aliyeshika madaraka katika utawala wa wenyeji, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU.

Uchunguzi mashuhuri wa tukio hilo ni wa Roland Young na Henry Fosbrooke, uliochapishwa mwaka 1960. Kitabu hicho kilitoka kwa majina mawili. Toleo la London liliitwa Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Toleo la Marekani, lililochapishwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, liliitwa Smoke in the Hills, na jina lake dogo linataja mvutano wa kisiasa katika wilaya ya Morogoro. Jina la kwanza lina Luguru bila Morogoro. La pili lina Morogoro bila Luguru. Mtafutaji wa mtandaoni anaweza kukipata kitabu hicho mara mbili akadhani ni uchunguzi wa aina mbili unaothibitishana, au akatafuta kwa neno lililokosekana katika toleo la maktaba yake asikipate kabisa. Utafiti wa baadaye wa Peter Pels (1999), unaohusu mahusiano ya wamisionari na Waluguru, ulichota pia katika nyaraka za mapadri, na hivyo unaonesha namna hazina za lugha mbalimbali zinavyoweza kusomwa pamoja.

Msamiati wa tukio lenyewe nao unatoa funzo. Nyaraka za serikali zimepangwa chini ya maneno ya kitaalamu ya hifadhi ya udongo, na upinzani huitwa kwa neno lenye maana ya fujo. Mkulima alikuwa na neno moja tu: matuta. Katika Kiswahili cha kilimo neno hilo hutaja mwinuko wowote wa udongo uliolimwa, hata wa viazi. Lakini mzee wa Uluguru anaposema wakati wa matuta hatamki jambo la kilimo bali anataja kipindi cha historia. Anayehoji bila kulijua hilo atalipita jibu. Na anayetafuta katika katalogi kwa neno matuta hatapata kitu, ijapokuwa ndilo neno pekee ambalo pande zote mbili, bwana shamba na mkulima, walilitumia waliposimama uso kwa uso shambani.

7.0 Lugha ya Kiluguru na Mipaka ya Uwazi

Kiluguru kimewekwa na wanaisimu katika kundi la G30, pamoja na Kizigua, Kikwere, Kizaramo, Kinguu, Kikami, Kikutu, Kividunda na Kisagala. Tasnifu ya Daniel Mkude ya mwaka 1974 kuhusu sintaksia ya Kiluguru ni miongoni mwa kazi za awali za kina. Tangu mwaka 2001 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umekusanya misamiati ya lugha nyingi za nchi na kutoa atlasi ya lugha mwaka 2009, na makala ya Petzell na Hammarström (2013) inayolinganisha lugha za Ruvu inasomeka mtandaoni bila malipo.

Kazi hizi kwa kawaida husomwa na wanaisimu peke yao. Lakini mwanahistoria akiwa na orodha ya maneno ya Kiluguru ya ardhi, ukoo, mvua na kazi, anaweza kuyatambua maneno hayo yanapochomoza ndani ya hati ya Kijerumani au Kiingereza, ambamo mwandishi aliyaacha bila tafsiri kwa sababu hakupata neno la kwake. Katika hati nyingi, maneno hayo yasiyotafsiriwa ndiyo sehemu ambayo wenyeji wanasikika zaidi.

Uwazi nao una mipaka. Mafunzo ya mwali, nyimbo za unyago na baadhi ya matambiko ni elimu yenye wenyewe: kuna anayeruhusiwa kuisikia na asiyeruhusiwa. Picha na rekodi za namna hiyo, zilizochukuliwa wakati mpiga picha hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu, zikiwekwa mtandaoni huonwa na kila mtu, wakiwamo wajukuu wa waliopigwa picha. Kusema kwamba hakimiliki imekwisha hakumalizi suala. Maktaba inaweza kutangaza kwamba kitu fulani kipo, ikaeleza kinahusu nini, na bado ikakiacha kionwe kwa maombi baada ya kushauriana na jamii husika.

8.0 Mapendekezo

Kwa mtafiti, mwalimu au mwanafunzi anayeanza, mbinu zifuatazo zitasaidia. Kwanza, aandae orodha ya tahajia za kila jina kabla ya kuanza kutafuta, akizingatia l na r, v na w, m yenye irabu na isiyo na irabu, na herufi zilizorudufiwa. Pili, atafute kwa shina na kwa kila kiambishi, kisha aunganishe matokeo. Luguru, Uluguru, Waluguru na Ukami ni hatua nne za utafutaji mmoja. Tatu, atumie majina ya vijito, vilele na misheni, ambayo mara nyingi yamo katika maelezo ya picha na ramani hata pale ambapo jina la jamii halimo. Nne, kila jina la kurithi aliambatanishe na mwaka wa hati. Tano, aandike namba ya kumbukumbu ya kila anachokipata, kwa sababu anwani za mtandaoni hubadilika lakini namba ya hati hudumu.

Kwa maktaba, hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Ni kuongeza vichwa vya mada vya Kiswahili, vyenye viambishi vyake, kando ya vile vilivyopo, na kuviunganisha ili anayeandika Waluguru afikishwe palepale anapofika anayeandika Luguru. Hatua ya pili ni kuyaingiza maneno kama lukolo, tombo na matuta katika faharasa pamoja na fasili yake. Hatua ya tatu ni kukubali maelezo kutoka kwa wenyeji: picha isiyo na jina huko Frankfurt inaweza kutambuliwa kwa dakika chache na mtu wa Mgeta anayeujua mteremko ule.

Mji wa Morogoro una nafasi ya pekee katika kazi hii. Kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, vyote vikiwa ndani ya mwendo wa daladala kutoka mjini au katika barabara kuu ya Iringa. Kwa pamoja vina wataalamu wa udongo, sheria, utawala, dini na lugha, na wanafunzi wanaotoka vijiji vya milimani. Picha na hati zikichapishwa na kupelekwa Kinole, Matombo na Mgeta, zikasomwa pamoja na wazee, maelezo yatakayopatikana yatarudi katika katalogi na kuitajirisha. Mashine haiwezi kuyapata kwa njia nyingine yoyote.

9.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kuwekwa kwa nyaraka mtandaoni ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni lugha. Tahajia za wageni, viambishi vilivyoachwa na istilahi zilizopotea vimemfanya Mluguru awe mgeni katika hifadhi inayomhusu, na vimeutenga mlima na watu wake hata katika orodha za vitabu. Matatizo hayo ni ya fonolojia, mofolojia na semantiki, na wenye ujuzi wa kuyatatua ni wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili na wa lugha za jamii. Kila neno litakaloingizwa katika faharasa kwa maana yake sahihi litafungua hati ambazo leo zipo, zinaonekana na kila mtu, na bado hazipatikani.